Anayefunga Masikio Anakopa

Hedifoni ziko za aina mbili. Za kufunga zina kikombe kizima nyuma ya spika, kwa hivyo sauti yako haitoki na ya nje haiingii kirahisi. Za wazi zina wavu au matundu hapo nyuma, kwa hivyo sauti yako inavuja na ya dunia inaingia. Watu wa gemu na watu wa muziki wanaweza kubishana juu ya hizi mbili mpaka kuche, na mara nyingi wanabishania besi, joto la masikio na bei. Mimi nataka kuzibishania kwa sababu nyingine. Nadhani ukichagua aina moja, hasa kama unaishi kwenye ploti kama yangu hapa Nakuru, umeshajibu swali la maadili bila kujua kwamba umeulizwa. Swali lenyewe ni hili: je, nina haki ya kutofikiwa?

Wacha nianze na ufundi, maana bila huo mjadala utabaki hewani.

Ndani ya kila hedifoni kuna kiwambo chembamba kinachotikisika. Kinasukuma hewa mbele kuelekea sikio, na kinasukuma nyuma pia. Kwenye hedifoni ya kufunga, ile hewa ya nyuma inagonga ukuta wa kikombe na kurudi. Ndiyo maana besi inakuwa nzito, na ndiyo maana wakati mwingine mwimbaji husikika kama ameingiza kichwa kwenye ndoo. Kwenye ya wazi, hewa ya nyuma inaenda zake. Sauti inapata upana: gitaa linakaa kushoto, nje ya kichwa chako kabisa, na ngoma inakaa mbali kidogo. Kwa anayecheza gemu za risasi hiyo ni faida kubwa. Unasikia hatua za adui na unajua anashuka ngazi ya kulia kabla hujamwona. Hasara yake ni kwamba unasikia pia mtoto wa jirani akilia, naye jirani anasikia bunduki zako.

Za kufunga ndizo zilizotangulia. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, fundi wa Utah, Marekani, alikuwa akitengenezea jeshi la wanamaji hedifoni jikoni kwake. Zilikuwa kifaa cha kazi: baharia asikie ujumbe wa redio na asisikie kitu kingine. Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilipotoa HD 414 mwaka 1968, nyepesi, yenye sponji za manjano na mgongo wa matundu. Hiyo ndiyo iliyofanya hedifoni ya wazi kuwa kitu cha watu wa kawaida. Kwa hivyo chombo hiki kilianza kama njia ya kumtenga mtu asikie sauti moja tu, na baadaye sana ndipo mtu akafikiria kumwachia dirisha.

Hapa mjini za wazi ni nadra. Nilipoziulizia kwenye duka moja la vifaa vya simu, muuzaji alinitazama kama nimeomba mwavuli uliotoboka. "Bosi, zenye mashimo? Si hizo zitavuja? Majirani watasikia mambo yako yote." Nilicheka, lakini alikuwa na hoja, na hoja yake ni ya maadili. Kumwagia mtu sauti ambayo hakuiomba ni kumwingilia.

Naishi Kaptembwo, upande wa magharibi wa mji. Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili, sita vikitazamana na sita, bomba moja la maji, na choo mwishoni. Kuta za ndani hazifiki kwenye mabati. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anakwambia pole. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kutosha, na tangu hapo naishi kwa kuandika: makala nikipata, na nisipopata, nasikiliza rekodi za mahojiano ya watu wa mbali na kuandika walichosema, neno kwa neno, kwa malipo ya dakika. Hiyo ni kazi ya masikio. Mtu wa Scotland anaponung'unika katikati ya sentensi, na wakati huohuo fundi wa vyuma ng'ambo ya barabara anakata bati, na spika za maombi zinajaribiwa, mimi ndiye ninayepoteza pesa.

Kwa hivyo nitatetea za kufunga kwanza, na nitazitetea kwa moyo wote.

Watu wazima hupenda kutulaumu. Vijana mmeziba masikio, hamsalimu watu, mnagongwa na boda boda mkiwa mnatikisa vichwa. Lakini angalia ni nani anayesema hivyo na analala wapi. Ukipanda Milimani utaona ukimya unavyotengenezwa: ua wa miti, lango, nyasi, kisha nyumba. Ukimya hununuliwa kwa ardhi. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinajua kwamba usiku wa mtu unastahili kulindwa. Kiwango cha usiku kwenye makazi zimekiweka desibeli 35, ambayo ni kama kunong'ona. Kwenye ploti yetu kiwango hicho hakijawahi kufika hata saa tisa za usiku. Kwa asiye na ardhi wala ua, hedifoni ya kufunga ndiyo chumba. Ni ukuta wa pekee ninaoumiliki. Anayenitaka nivue hedifoni kwa jina la utu wema, lakini yeye ana mlango wa pili wa kufunga, ananidai kitu ambacho yeye halipi.

Tena kuna suala la afya. Ukiwa na hedifoni ya wazi mahali penye kelele, unaongeza sauti ili kuishinda kelele. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba desibeli 80 ni salama kwa masaa 40 kwa wiki, lakini ukifika 90 umebakiwa na masaa manne tu kwa wiki nzima. Mtu anayefanya kazi na kucheza akiwa amevaa hedifoni anayamaliza masaa manne siku ya Jumatatu kabla ya chai ya saa nne.

Na wakati mwingine kuziba masikio ndiyo haki yenyewe. Kwenye mashindano makubwa ya gemu, wachezaji huvalishwa hedifoni za kuzuia sauti ili wasisikie watangazaji na mashabiki wakitaja alipojificha mpinzani. Kutosikia kunalinda usawa. Kwa hivyo simwamini anayesema kwamba masikio wazi ni wema na masikio yaliyofungwa ni ubinafsi. Mambo si mepesi hivyo.

Lakini kuna upande wa pili, nao unaanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Kwa Kiswahili hatusikii sauti tu. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia uchungu. Mtoto mtiifu ni msikivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Neno moja limebeba masikio, ngozi, tumbo na utii. Methali hizo zimetumika vibaya, najua. Wakubwa wengi wamezigeuza kuwa fimbo ya kunyamazisha watu. Hata hivyo, chini yake kuna jambo ninaloliamini: kusikia ndiyo njia ambayo mambo ya wengine yanatuingia bila kuomba ruhusa. Jicho unaweza kulifumba. Sikio huliwezi, hadi ulinunulie kifuniko.

Na mengi mazuri yameingia kwa njia hiyo. Chukua Kapkatet, kule upande wa Kericho, mwaka 1950. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alirekodi hapo wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo linatokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki 1933. Sauti yake ilikuwa imefika huku kwa santuri, na inavyosimuliwa, watu walishangaa huyu ni kiumbe wa namna gani, wengine wakamwona kama nusu mtu nusu swala. Fikiria ingekuwaje kama santuri ile ilichezwa kwa hedifoni ya kufunga. Mwenye santuri angemsikiliza Rodgers wake, angemaliza, angeenda kulala. Kusingekuwa na Chemirocha. Wimbo ule upo kwa sababu sauti ilivuja, ikawafikia watu ambao hawakuichagua, nao wakaifanya yao. Mimi mwenyewe benga niliijua kwa kuvuja, kutoka redio za vinyozi na matatu za Njoro. Hakuna aliyenipendekezea.

Hata waliotuuzia upweke huu waliuogopa kidogo. Sony walipotoa Walkman ya kwanza Japani, tarehe 1 Julai 1979, waliiwekea matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza muziki ili mzungumze bila kuvua. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alidhani ni utovu wa adabu mtu mmoja kujifungia na muziki wake. Matoleo ya baadaye yaliacha kitufe, yakaacha na tundu la pili. Wateja hawakuvihitaji. Ilionekana adabu ile haina soko.

Mpaka hapa mtu anaweza kuniambia: haya ni mambo ya ladha. Funga ukitaka, fungua ukitaka, muziki utakupata kwa simu. Ningekubali, kama kusikia kungekuwa kwa ajili ya muziki tu.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka kule Solai, kaskazini mwa mji huu, na watu wasiopungua 47 wakafa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezibwa kwenye tuta la reli yalivunja na kushukia kijiji cha Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu, wakafa zaidi ya 45. Kote kuwili watu walikuwa nyumbani, na ilikuwa giza. Walionusurika walisimulia mngurumo. Sisemi kuna aliyekufa kwa sababu ya hedifoni, na sitaki mtu anisome hivyo. Maji yale yalikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu hizo zina majina na vyeo. Nasema tu kwamba huku kwetu, hatari ya usiku huja kwanza kwa sikio. Hakuna king'ora cha kaunti kinacholia kwenye kila kijiji. Kuna mngurumo, kuna mbwa, kuna mtu anayepiga kamsa, na kuna wewe, ama unasikia ama husikii. Serikali ilipoleta Nyumba Kumi mwaka 2013, wazo lililochukuliwa Tanzania, watu wengi walilicheka kama mpango wa kupelelezana. Lakini chini ya kila ulinzi wa jirani kuna kitu kimoja kisichopangwa na serikali yoyote: nyumba ya pili isikie nyumba ya kwanza ikiita.

Chumba namba saba anaishi mama mwenye mtoto wa pumu. Siku moja aliniona nikifua nguo na hedifoni kichwani, akasimama mbele yangu akanifanyia ishara nivue.

"Kijana, ukivaa hizo vitu, nikikuita usiku utasikia?"

"Sitasikia, mama. Labda ugonge mlango sana."

"Na nikiwa nimemshika mtoto, nitagonga na nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Yeye hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua maji yatatoka bombani saa ngapi, ili apange siku yake. Kisha akasema, "Sawa, basi niambie tu, nijue wewe si wa kuitwa," akaenda kuanika.

Niliibeba sentensi hiyo wiki nzima. *Nijue wewe si wa kuitwa.* Hakuninyima haki yangu ya kufunga masikio. Alifanya hesabu tu: mmoja ametoka kwenye orodha. Na nilipoitazama orodha yenyewe, niliona ni akina nani wamebaki. Ni yeye, ambaye hajawahi kuvaa hedifoni maisha yake yote, kwa sababu kifua cha mtoto kinaweza kubana dakika yoyote. Ni shosho wa namba mbili, ambaye usingizi umemkataa. Ni soja wetu wa usiku, tunayemchangia kila chumba mwisho wa mwezi. Masikio ya ploti ni ya wanawake wawili na mzee mmoja. Wanaume vijana tumejifungia humo ndani, kila mmoja na vita vyake vya simu.

Nilienda kwa soja nikamuuliza jinsi anavyofanya. Ana redio ndogo, na waya wa iafoni unaingia sikio moja tu.

"Mzee, mbona sikio moja?"

"Hili la kushoto ni langu," alisema. "La kulia ni lenu, mmelilipia."

"Na ukichoka?"

"Nikichoka nazima redio. La kwenu silizimi."

Hapo ndipo niliona kosa la ubishi wetu wote wa wazi na za kufunga. Tunauliza kama ni haki au si haki kufunga masikio, kana kwamba kila mtu anaishi peke yake juu ya Menengai. Swali halisi ni nani anasikiliza kwa niaba yangu wakati nimefunga. Daima kuna mtu. Ukimya wangu wa kufanyia kazi, wa kuchezea gemu, wa kusikilizia muziki, unawezekana kwa sababu kuna mwingine ambaye hana wake. Kwa hivyo kufunga masikio si wizi, na si haki tupu pia. Ni mkopo. Naazima masikio ya jirani kwa masaa mawili au matatu. Mkopo si aibu, sote tunaishi kwa kukopeshana. Aibu ni kukopa bila kumwambia mwenyewe, na kutolipa.

Mtu atauliza, na kiziwi je? Yeye anadaiwa? Hapana, na jibu hilo linasaidia kuonyesha deni lenyewe liko wapi. Kiziwi hakuazima chochote. Yeye ndiye anayetudai: tumgongee ukuta autambue mtikiso, tumwashie tochi, tujue kitanda chake kiko upande gani. Tunachodaiana si uwezo wa kusikia. Tunadaiana kufikiana. Sikio ni njia moja tu ya kufikiwa, ila kwa wengi wetu ndiyo inayofanya kazi gizani.

Na je, si simu inatosha? Watu watanipigia. Labda. Lakini mtu aliyeshika mtoto anayekosa pumzi hatafuti namba. Anapaza sauti, na sauti hiyo inapita juu ya kuta zisizofika kwenye mabati. Ujenzi uleule wa bei rahisi unaoniibia usingizi ndio unaombebea yeye kilio. Siwezi kuulaani mchana na kuushukuru usiku bila kukiri kwamba ni kitu kimoja.

Kwa anayetaka ushauri wa kununua, nitasema nilichofanya mimi. Mchana nafanya kazi na za kufunga, bila hatia yoyote. Ploti imejaa watu, masikio yapo tele, na mkate wangu uko kwenye rekodi zile. Usiku, nikicheza au nikisikiliza muziki, navaa za wazi, za mitumba, nilizoagiza Nairobi kwa pesa kidogo kuliko za dukani. Sauti naiweka chini. Nilimuuliza jirani wa ukuta kama zinamsumbua, akasema anasikia kitu kama panya anayetafuna karatasi, na kwamba si vibaya, angalau anajua nipo. Besi nimepoteza. Kwenye gemu nasikia hatua za adui vizuri zaidi, na katikati ya vita nasikia pia mlango wa namba saba ukifunguka. Najua ni kinyume cha desturi. Wengi hufunga usiku kwa heshima ya majirani na kufungua mchana. Lakini usiku ndio wakati ambao masikio ya ploti ni machache, na anayekopa wakati wa uhaba anakopa ghali.

Kama hali yako haikuruhusu za wazi, labda mnalala wanne chumba kimoja na mdogo wako ana mtihani, vaa za kufunga. Ila mwambie mtu. Mwambie jirani, "Leo sitasikia mpaka saa sita." Hiyo sentensi fupi inageuza ukimya wako kutoka kujificha hadi kuwa makubaliano. Yeye anajua asikutegemee, na wewe unajua unamdai kitu.

Kulipa ndiko kunakobaki. Soja wetu hupumzika usiku wa Jumapili, na kwa miaka yote hakuna aliyewahi kujaza nafasi hiyo. Mama wa namba saba alikuwa akikaa macho. Tuliongea wapangaji, wakubwa kwa wadogo, si bila kelele, tukaandika zamu ya Jumapili. Mwenye zamu hukaa bila hedifoni ya aina yoyote hadi saa nane, na mlango wake haufungwi kwa komeo. Namba saba hayumo kwenye orodha. Yeye Jumapili analala. Jumapili ijayo ni yangu.